Fundi, Usikadirie!

Dar es Salaam hakuna gari linaloumwa kwa siri. Likianza tu kulalamika, washauri wameshajaa dirishani. La kwangu lilianza kuunguruma kwa nyuma, upande wa kulia, na kwa kuwa nalala Kigamboni na kibarua changu kiko mjini, kila jioni sina budi kupanga foleni ya pantoni pale Magogoni. Ukitaka kujua mji huu una mabingwa wangapi wa magari, ingia foleni ile na gari linalolia. Pantoni iko ng'ambo haina haraka, jua la saa kumi linachoma, harufu ya samaki wa Feri inaingia bila hodi, na watu hawana kazi nyingine ila kukusikiliza wewe.

Muuza karanga ndiye aliyefungua kikao. "Mzee, tairi hiyo imekula upande." Kijana wa bodaboda akapinga: difu imekauka oili. Mama mmoja mwenye ndoo ya vibua akasema wote hawajui kitu, hiyo ni eksozi, ya shemeji yake ilianza hivihivi ikaishia kudondoka Kongowe. Dereva wa IST aliyekuwa nyuma yangu hata hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akatoa hukumu: "Mzee wangu, uza hiyo, nunua IST."

Nikamwuliza IST inahusiana nini na mlio wa gari langu.

"IST hailii," akasema, akapandisha kioo.

Sina ugomvi na IST. Nusu ya mji huu inaiendesha na nusu nyingine inaiita kwa simu. Kinachonichoma ni kwamba katika baraza lile lote hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Mlio unazidi ukiongeza mwendo? Ukikata kona inakuwaje? Ukikanyaga breki? Hakuna. Walikadiria tu, kila mtu na kadirio lake, wakarudi kwenye simu zao. Na huu ndio ugonjwa wa mji wetu. Spea zipo, vyuma vipo, mikono ipo, akili ndiyo usiseme, lakini kila kitu kinakadiriwa. Chumvi inakadiriwa. Nauli inakadiriwa. Mtu anakwambia "nipo Faya naingia", kumbe bado anatafuta soksi Mbagala. Nimevumilia yote hayo. Ila kwenye beringi ya gurudumu la nyuma nimegoma.

Gari lenyewe niliseme, maana wengi hulidhania kitu kingine. Ni Datsun 240Z, milango miwili, pua ndefu, mkia mfupi, viti viwili tu, na wajukuu wakitaka kupanda lazima ipigwe kura. Lilikuwa la mjomba wangu. Alilinunua kwa Mhindi mmoja wa Upanga aliyekuwa anafunga virago kwenda Canada, muda si mrefu baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo, Pasaka, Edgar Herrmann alishinda mashindano ya Safari kwa gari la aina hiihii, na aliyemfuata, Shekhar Mehta, naye alikuwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akaibuka mshindi, tena baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye wa Datsun. Safari ya siku hizo ilikuwa bado inakatiza Kenya, Uganda na Tanzania, wakati wa masika, magari yanazama kwenye tope mpaka milangoni. Mle chini ya boneti kuna silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja, lita 2.4.

Nikiwaeleza haya vijana wa foleni huniangalia kwa huruma. Wao gari wanalipima kwa herufi ya namba. Namba E, gari jipya. Namba D, linasogea. La kwangu, lilipohamishiwa namba mpya zilipoanza, likapewa A, kwa hiyo wanajua ni gari la zamani sana, la enzi za Mkapa! Mwaka 1971 haumo kabisa kwenye hesabu yao.

Wazee nao ni mtihani mwingine. Mzee mmoja mwenye baraghashia, abiria wa miguu, alisimama ubavuni pangu akalitazama gari kuanzia mbele hadi nyuma, akatikisa kichwa. "Hili lilikuwa gari la kupita. Gari la Safari lilikuwa Peugeot 404." Akanikumbusha kuwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapahapa kwetu, alishinda na Peugeot mwaka 1966 na akarudia 1967. Sikumjibu, kwa sababu ni kweli, na mtu mwenye ukweli na baraghashia hashindwi foleni.

Mjomba alikuwa halisumbui gari. Ile miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana, lilikuwa linapata mapumziko ya wiki ambayo yeye mwenyewe hakuyapata. Nadhani ndiyo maana limefika hapa. Mimi ninalivusha bahari kila siku, na hewa ya chumvi pale mlango wa bandari haina urafiki na chuma cha nchi yoyote.

Sasa mlio. Ulikuwa kama wa mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili: mzito, wa mfululizo, unaanzia kwenye mwendo wa 40 hivi na kupanda kadiri ninavyopanda. Nikikata kona kushoto, uzito wa gari unalalia kulia, mlio unazidi. Nikikata kulia, unafifia. Tairi iliyokula upande haijui kona. Eksozi haijui kona. Beringi inajua. Hiyo ndiyo sababu asubuhi yake nilivuka kurudi mjini na kwenda moja kwa moja Gerezani, kwa fundi wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari linalia."

Fundi akatia jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likagonga: tak, tak. Akalizungusha kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa juu ya springi, na ule mkwaruzo ukapanda mpaka kwenye vidole. "Beringi," akasema. Nikafurahi, hatimaye mtu aliyepima. Furaha haikudumu. Akaongeza: "Ila kwa ushauri wangu tubadilishe na shokapu, na bushi zote, na hizi hafu shafti, halafu tuone." Tuone! Pesa ni yangu, kuona ni kwake.

Tukakubaliana: beringi.

Kwa nyuma gari hili lina breki za dramu. Unafungua tairi, unavua dramu, unalegeza bolti nne za hafu shafti kwa ndani na kuifunga pembeni kwa waya isining'inie, ndipo unakutana na mwenye nyumba: nati kubwa iliyoshika shafti ya gurudumu. Nati hii si ya mchezo. Ina mdomo mwembamba, na kiwandani wakishaikaza huupiga mdomo ule ukazama kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, ili isijifungue. Kabla ya kuifungua lazima uuinue mdomo kwa patasi ndogo, taratibu. Ukilazimisha, unaondoka na nyuzi za shafti, na shafti ya 240Z huitoi kwa mtu wa Mtaa wa Kongo.

Kijana wa fundi alikuwa ameshakuja na nyundo ya kuvunjia zege.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kuanzia, mzee."

Nilimsihi aende akanywe chai. Fundi mwenyewe akachukua patasi, akalala kwenye boksi chini ya gari, na kwa muda mrefu ilisikika ting, ting, ting ndogo za adabu. Kuna mtu alipita akasema kwa sauti, "Hawa wanatengeneza saa." Ulikuwa utani, lakini mimi niliupokea kwa moyo mmoja.

Hapa niwape haki yao Gerezani. Shafti ile haitoki kwa kubembelezwa; inataka kuvutwa kwa kishindo kutoka nje. Wenzetu wana chombo cha kununua kwa kazi hiyo. Fundi wangu anacho chake, alichokichomelea mwenyewe: fimbo ya shokapu la lori, sahani ya chuma yenye matundu ya kufungia kwenye bolti za tairi, na donge zito la chuma lililotobolewa katikati linaloteleza juu ya fimbo. Unalishika donge, unalivuta kwa nguvu, linagonga mwisho wa fimbo. Kwa! Mara nyingine tena, kwa! Shafti ikachomoka na beringi ya nje ikiwa imeing'ang'ania, ya ndani ikabaki kwenye nyumba yake pamoja na oili sili. Tulishukuru hatukulazimika kugusa ile pini ndefu ya chini inayoshika mguu wa gurudumu. Pini hiyo huganda kwa kutu, na wenye Datsun hizi popote walipo duniani wakiisikia tu hushika kiuno.

Nikaiomba beringi ya ndani nikaiosha kwa mafuta ya taa. Grisi ilikuwa nyeusi, na ukiitandaza kwenye kidole juani inametameta. Kumeta kule ni chuma cha beringi yenyewe kilichosagika. Gololi zilikuwa zimepoteza ung'avu. Kwenye njia zinamopita palikuwa na vishimo vidogovidogo, unavihisi kwa ukucha kabla ya kuviona. Ukiizungusha polepole inashikashika. Ndiyo iliyokuwa inanitia aibu Magogoni.

Wakati nimeduwaa hapo, kijana, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye chai kabla ya wakati, akaokota kibomba kilichokaa katikati ya beringi mbili na kukitupia kwenye kopo la vyuma vingine. Nilipiga ukelele watu wakageuka. Kibomba kile ndicho roho ya kazi yote. Kinaziachanisha beringi mbili kwa urefu maalumu, ili nati ikikazwa kwa nguvu zote, nguvu iishie kwenye kibomba na zile ringi za ndani, isizibane gololi. Kikipungua urefu kidogo tu, beringi zinabanwa, zinapata moto, zinakufa mapema. Kwa sababu hiyo Wajapani walivitengeneza kwa vipimo vitatu, wakavipa herufi A, B na C, na kwenye nyumba ya beringi wakagonga herufi hiyohiyo, ili B ikutane na B.

"Ya kwako herufi gani?" fundi akauliza.

Tukafuta uchafu kwa brashi ya waya. B.

"Basi kama ni bomba, hata tukikata la maji tukalipima kwa macho..." kijana akaanza. Fundi alimtazama akanyamaza. Nilimpenda fundi wangu siku ile.

Kariakoo huendi na gari. Ukienda nalo utalipia maegesho, utalipia kulindiwa, na kutoka utatoka taa zimewashwa. Kutoka Gerezani nilikwenda kwa miguu, beringi za zamani nimezivingirisha kwenye gazeti ndani ya mfuko wa kitambaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hakuna aliyetufikiria sisi tunaotembea na vyuma vyenye grisi. Kabla sijafika Mtaa wa Msimbazi gazeti lilikuwa limelowa na suruali imepata nembo.

Winga akanidaka hapohapo. Kwa msomaji wa mikoani: winga ni kijana asiye na duka wala mzigo, lakini maduka yote ya Kariakoo yamo kichwani mwake, na yote, kwa maelezo yake, ni ya ndugu zake.

"Tajiri, unatafuta nini nikusogeze?"

"Beringi."

"Ya gari gani, kiongozi?"

Nikasema Datsun. Uso wake ukaingia msibani. "Datsun, mkuu wangu, hizo hazipo tena. Hizo mpaka Dubai. Ila kuna jamaa yangu anayo moja, ya mwisho Tanzania nzima. Laki na nusu, kwa sababu ni wewe."

Ya mwisho Tanzania nzima, na hajafungua hata mfuko kuiona ninayoitaka! Ni ya ndani au ya nje? Ina kipimo gani? Yeye ameshakadiria: umri wangu, suruali yangu, shida yangu, akajumlisha akapata laki na nusu.

Jambo ambalo winga hataki ulijue ni hili: beringi haina habari na jina la gari. Ina namba, imeandikwa ubavuni mwa ringi, na namba hiyo inasomeka vilevile Tokyo, Stuttgart na Tandika. Nikaifuta ya kwangu kwa ncha ya shati, nikaisoma, nikaanza kutafuta duka. Winga akanifuata nyuma akiimba bei inayoshuka kila tukivuka mtaa. Laki moja na ishirini. Laki moja. Themanini, mzee, tusigombane.

Duka nililolipata ni chumba chembamba chenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, na humo hamna kingine ila beringi, oili sili na mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mbele yangu alikuwapo mteja kutoka Mbagala, mwenye mashine ya kusaga unga, anataka 6306. Mzee akanyoosha mkono bila kugeuka, akaishusha. Nikamwuliza anazikumbukaje zote. Akacheka. "Huhitaji kukumbuka. Tarakimu mbili za mwisho zidishe mara tano, umepata tundu kwa milimita. 06 ni 30. 07 ni 35. Hizi za mbele zinakwambia aina yake na unene wake." Akaisukuma ile ya mashine ya unga mezani. "Hii tundu ni 30, nje 72, unene 19. Ukaitie kwenye pampu ya maji, kwenye mashine ya mbao, kwenye gari, yeye hajali."

Nilipompa namba zangu hakuuliza gari gani. Nilijisikia kumkumbatia. Tangu Magogoni hadi pale, ndiye mtu wa kwanza ambaye hakulitazama gari langu kwa jicho la huruma, na ni kwa sababu hakutaka hata kujua kama ninalo. Nilijaribu kumweleza kuwa hizi ni za gari lililoshinda Safari. Akasema, "Sawa, namba ya pili isome tena."

Akaweka mezani maboksi mawili. Rangi moja, maandishi mamoja, Ujapani mtupu. "Hii elfu 25. Hii elfu 60."

"Tofauti yake?"

"Hii ya elfu 25 unanunua boksi. Hii ya elfu 60 unanunua beringi."

Akazifungua zote mbili. Kwa haraka ni pacha. Akanipa lenzi. Kwenye ile ya bei rahisi maandishi ya ubavuni yalikuwa yamekaa ovyo, herufi moja imelala kidogo, na kingo za ringi zilikuwa na makovu ya kuchongwa. Ukiizungusha inasikika mchanga. Ile nyingine ukiizungusha inaendelea kimya, inaendelea, mpaka unaona haya kuendelea kuisubiri. Tume ya Ushindani kila mara inateketeza bidhaa bandia, na kila mara zinarudi, kwa sababu wapo wanaouliza bei kabla ya kuuliza namba. Nikalipa ya elfu 60, mbili, na oili sili mpya, ambayo nayo ina vipimo vyake vitatu vimeandikwa mwilini: ndani, nje na unene. Nati mpya kweli Kariakoo haikuwapo, hapo winga alipatia, lakini mtoto wa dada yangu aliyeko Dubai alikuwa ameniletea mbili mfukoni alipokuja Idi.

Natoka, winga yuko mlangoni, amemshika mzee wa duka kwa macho. "Mzee, mteja wangu huyo." Alitaka kamisheni kwa kunifuata. Mzee akampa maji ya kunywa. Mimi nikampa elfu 2, maana kwa jua lile na kwa bei alizoshuka peke yake bila kuombwa, amefanya kazi.

Gerezani tukaanza vita ya pili, ya nyundo. Desturi ni kuiweka beringi mdomoni mwa shafti na kuitwanga pembeni, mara huku mara kule, mpaka iingie. Inaingia, sikatai. Lakini ukiipiga kwenye ringi ya nje ili ya ndani ipande kwenye shafti, pigo lote linapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kishimo kwenye njia yake. Umeiua kabla haijatembea, halafu baada ya miezi miwili mnalaumu Mchina. Ringi inayobana ndiyo inayosukumwa: ya ndani kama unaipandisha kwenye shafti, ya nje kama unaiingiza kwenye nyumba yake. Jirani na fundi kuna jamaa mwenye presi ya mkono anayekamulia bushi. Kazi ikawa dakika chache. Zikaingia zikiwa zimenyooka, hazikutoa kelele yoyote. Kijana alisikitika, alikuwa ameshika nyundo muda wote.

Grisi mpya, kibomba chetu cha B, sili, shafti ikarudi, nati mpya ikaanza nyuzi kwa mkono. Nikatoa karatasi. "Fundi, kitabu cha kiwanda kinasema kilo 25 hadi 33 kwa mita."

"Kitabu cha nini mzee, mimi nina mkono. Nakaza mpaka iseme."

"Iseme nini?"

"Iseme tu."

Nikamwomba spana ya kipimo. Ipo. Gerezani nzima inajua ipo, ya jamaa mmoja wa malori, na jamaa mwenyewe yuko Tunduma na funguo za kabati mfukoni. Fundi akachukua bomba refu, akalivika kwenye mkono wa spana, akatemea mate viganjani. Nikasema hapana. Usikadirie, fundi, nakuomba. Nati hii ikilegea, gurudumu linacheza na beringi mpya zinakwenda na maji. Ikizidi, tunakata nyuzi. Lazima ipimwe.

Na kupima hakutaki chombo cha Ulaya. Kilo 30 kwa mita ni kilo 30 zilizoning'inizwa mita moja kutoka kwenye nati, basi. Hakuna anayeuliza ni kilo za nini. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na lenyewe tupu linakaribia kilo moja. Liweke mita moja na robo kutoka katikati ya nati, umepata 26 na ushei. Bomba nalo lina uzito wake, likalala linaongeza mbili hivi. Ishirini na nane. Katikati ya 25 na 33, unataka nini tena?

Mama ntilie wa pembeni aliniazima dumu kwa sharti kwamba maji yasimwagike, ameyanunua. Fundi alinitazama kama anayetafuta namba ya simu ya familia yangu. Lakini akapima mita na robo kwa futi, akatia alama ya chaki, tukalifunga dumu kwa kamba, bomba likatokeza nyuma ya bampa, kijana akaishika shafti isizunguke kwa nondo iliyopita katikati ya bolti za tairi. Tukaliachia. Dumu likashuka taratibu, nati ikikaza. Tukalinyanyua, tukarudisha spana, tukaliachia tena. Likashuka, kidogo zaidi. Mwashi aliyekuwa anapita akatoa pimamaji yake bila kuulizwa akaiweka juu ya bomba. Mara ya mwisho dumu lilining'inia pale, bomba limelala sawasawa, halishuki. Maji yanatikisika, gari limetulia.

Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja akauliza kwa heshima, "Mzee, hiyo dawa ni ya kuzuia ajali au ya kupata abiria?"

Tukaupiga mdomo wa nati kwenye mfereji wake, tukarudisha dramu na tairi. Mlio umeisha. Foleni ya Magogoni sasa wananiuliza nauza bei gani, na mwenye baraghashia amesema kwa Datsun si baya.

Kilichobaki ni kwamba nimeharibu soko. Nilipomrudisha fundi kwenye gurudumu la kushoto, kwa kuwa beringi za gari moja huzeeka pamoja, nikakuta ankara ina mstari mpya: kipimo cha dumu, elfu 20. Nikauliza. Akanijibu kwamba huduma hiyo kwa sasa haipatikani kwingine Gerezani, na mama ntilie naye anataka kodi ya dumu. Pembeni palikuwa na IST, na kijana ameshafunga dumu zima kwenye spana ya nati za tairi.

"Toa!" nikapiga kelele. "Nati hizo zinataka kilo kumi na kidogo tu kwa mita, utakata bolti!"

Fundi akafikiri. "Basi tuweke nusu dumu."

"Nusu bado ni nyingi kwa urefu huo. Sogeza."

"Nisogeze wapi?"

Nikavua saa, nikapiga magoti kwenye mchanga wa watu na futi yao mkononi, nikaanza kumtafutia mwenye IST sentimita zake. Yeye alikuwa amesimama juu yangu anakula mhogo, akasubiri nilipotia alama ya chaki ndipo akaniuliza, "Sasa mzee, wewe unalipwa hapa au naongea na fundi?"